Kagua, Funga, Ondoka

Koroboi alipofungua mlango wa benki ya damu asubuhi ile, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mtuhumiwa mwenyewe, na mtuhumiwa alikuwa anafuta vishikio vya friji kwa kitambaa cheupe.

Hakuhitaji kuonyeshwa kuwa ndiye. Mwanamume wa umri wa kukaribia kustaafu, koti la maabara limepigwa pasi likanyooka, na wenzake chumbani wamempa mgongo kama mtu mwenye upele. Kufuta friji haikuwa kazi yake. Ila alikuwa amekatazwa kugusa kompyuta, na kukaa bure hakukujua.

"Habari za asubuhi, kaka," Koroboi alisema.

"Nzuri, dada. Kanyaga polepole hapo, sakafu bado ina maji."

Akaelewa kwa nini jengo zima linamwita Taratibu.

Koroboi mwenyewe, jina lake la vyeti lilikuwa limeshasahaulika. Walimbandika hilo la kitaa kidogo cha mafuta kwa sababu ya kazi yake. Ofisi ikiwa na programu inayokufa bila kusema inaumwa nini, aliitwa yeye, akaja na mkoba wake na miwani yake yenye kamba shingoni, akamulika pembe ambazo wenye programu hawakupenda kuzimulika. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sura, na hakuwahi kukiamini kitu chochote kinachotumia umeme mpaka akione ndani.

Daktari Mkuu alimpokea kwenye ofisi yake ya vioo pembeni mwa maabara. Alikuwa mtu wa maneno ya haraka, saa yake mkononi akiitazama hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza muda.

"Sitakuzungusha, mama. Mwezi uliopita tulihamia mashine mpya. Ya zamani ilikuwa imechoka, na mfumo endeshi wake hauna tena fundi wa kuuhudumia. Programu ya kusimamia friji na majibu ya vipimo ikahamishwa, ile ile. Tangu hapo imekufa mara nne, ya mwisho jana jioni. Kila ikifa, majibu ya vipimo vya siku nzima yanapotea. Na mfuko wa damu usio na majibu ni nini?"

"Ni taka."

"Ni taka. Watu wamepanga foleni, wamekunja mikono ya mashati, wamechomwa sindano, halafu mimi nawamwagia." Aliitazama tena saa yake. "Mara zote nne ilikuwa zamu yake. Si ya mwenzake Kasuku, si ya mwenzao wa tatu. Yake. Na kwenye kikao ndiye pekee aliyesimama kupinga mashine mpya."

"Kwa hiyo mmeshahukumu."

"Kamati inakaa mchana huu. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Akifukuzwa kwa hujuma unga wake umemwagika, anaondoka mikono mitupu, na jina limechafuka. Sifurahii hata kidogo, huyu nimefanya naye kazi miaka mingi. Ndiyo maana nimekuita. Ila usiniletee huruma. Niletee ushahidi."

"Mifuko ya jana iko wapi?"

"Friji ndogo pale, yenye utepe mwekundu. Gari la taka za hospitali linaichukua kamati ikimaliza."

"Isiguswe mpaka niseme."

"Hiyo imeshakufa, mama."

"Na mimi shughuli yangu ni na waliokufa," Koroboi alijibu, akavaa miwani.

Kijana aliyeihamisha programu aliitwa Injinia, na jina alilipenda kiasi kwamba aliitika hata alipoitwa mwingine. Alikuwa amekaa mbele ya mashine mpya, kifua mbele, tayari kwa ugomvi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ulibadilisha nini."

"Hakuna." Alilisema kama mtu anayetaja sifa yake. "Niliihamisha kama ilivyo. Pale programu ilipokuwa inauita mfumo wa zamani, nikaielekeza iuite mpya. Basi. Mantiki yake sikuigusa hata mstari. Programu hii imefanya kazi miaka na miaka haijaugua hata mafua. Haiwezi kuamka tu ikaanza kufa. Mtu anaigusa."

"Nani?"

Injinia alitupa jicho upande wa friji, akashusha sauti. "Nilimkuta kwa macho yangu. Zamu yake imekwisha, kajikunja chini ya meza, kashika waya za vipimajoto. Kumuuliza, anasema anazifunga pamoja ili fagio lisizivute. Nani anazifikiria waya za watu wakati wa kwenda nyumbani?"

Koroboi alipiga magoti, magoti yakalia, akaingia chini ya meza. Friji zilikuwa nne, ndefu, za milango ya bati, na kila moja ilikuwa na kipimajoto chake kilichovuta waya hadi kwenye kompyuta. Waya zote nne zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha bendeji, kwa fundo zuri, mbali na sakafu. Aliutazama ule mkono wa kazi kwa muda. Kisha akachomoa waya wa kwanza.

"Shangazi!" Injinia aliruka kwenye kiti.

"Skrini inasema nini?"

"Inasema friji ya kwanza haisikiki."

Akachomoa wa pili, wa tatu, na wa nne. Juu ya meza programu ililia na kuwasha mataa yake mekundu, lakini iliendelea kwenda. Alizirudisha zote mahali pake, akatoka chini ya meza akijipangusa vumbi.

"Inanung'unika, haifi. Waya tuziache zipumzike. Sasa nipe maiti."

"Maiti?"

"Mfumo wenu huu mpya, programu ikikata roho, hupiga picha ya kumbukumbu yake yote jinsi ilivyokuwa dakika hiyo, ukaiweka kwenye faili. Usiniambie umezifuta."

"Sikujua kama zipo."

"Basi bado zipo," alisema Koroboi, na kwa kuwa aliwahi kuwa na watoto wa umri ule, hakuongeza neno.

Zilikuwepo, faili nne nzito, kila moja na jioni yake. Aliifungua ya kwanza na kuanza kuisoma kutoka juu, kidole kikifuata mistari kwenye skrini. Ndani ya programu ile hapakuwa na mtendaji mmoja bali watano, waendao kwa wakati mmoja; mafundi wanawaita nyuzi. Kila friji ilikuwa na uzi wake, kazi yake kusoma kipimajoto na kuandika joto kwenye jedwali moja la pamoja. Uzi wa tano ndio mkuu. Huo uliongea na watu, ukapokea majibu ya vipimo, ukayatunza, na mwisho wa siku ukayaandika diskini.

"Aliyeuawa si uzi mkuu," Koroboi alisema. "Ni uzi wa friji ya pili. Ulikuwa unanyoosha mkono kuandika joto kwenye jedwali."

"Halafu?"

"Jedwali halipo."

"Halipo vipi? Liko tangu programu inawashwa."

"Limebomolewa. Tazama mwenyewe, pamebaki mahali tu."

Injinia alisogeza kiti. Ugomvi wote aliokuja nao ulikuwa umeanza kumtoka, sasa alitaka kuona. Walifungua maiti ya pili wakakuta uzi wa friji ya nne, umekufa kifo kile kile. Ya tatu, friji ya pili tena. Ya nne, ya jana, friji ya kwanza.

"Na uzi mkuu ulikuwa wapi wenzake wanakufa?" aliuliza Koroboi.

Injinia aliteremsha ukurasa, akasoma, akarudi kwenye faili zile nyingine kuhakikisha. "Kote ni hapo hapo. Umeambiwa ufunge programu, na uko katikati ya kufunga."

"Kwa hiyo haifi ikiwa kazini. Inafia mlangoni. Nani huwa anaifunga?"

"Mimi msinihesabu!" Sauti ilitoka kwenye meza ya hadubini, ya mwanamke aliyekuwa amejifanya anatazama vioo vyake kumbe masikio yote yako huku. Huyo ndiye Kasuku. "Sijaifunga hata siku moja tangu mashine ifike. Nazima skrini, nabeba pochi yangu, naenda zangu. Ikifika usiku inayahifadhi majibu yenyewe, sasa nihangaike ya nini?"

"Na mwenzenu wa zamu ya tatu?"

"Yule? Yule hata skrini hazimi." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Aligeuka kutazama friji, pale mgongo wa koti jeupe ulipoinama. "Anayefunga ni yeye peke yake. Daktari alitufundisha sote siku ya kwanza ya kazi: kagua, funga, ondoka. Anayefanya ni yeye."

Hapo Koroboi alijiona amemaliza. Alimwita Daktari Mkuu na kumweleza kwa ufupi: programu inakufa inapofungwa, mfungaji ni mmoja tu, kwa hiyo kosa ni la programu na si la mtu. Kisha, kwa madaha kidogo, akashika kipanya akaifunga mbele yake.

Programu iliaga vizuri, skrini ikawa tupu. Hakuna kilichokufa.

Akaiwasha, akaifunga tena. Salama. Mara ya tatu, salama.

"Nilishaifunga mara chungu nzima kwenye majaribio, shangazi," Injinia alisema kwa sauti ya kuomba radhi. "Haikuwahi kufa."

Daktari alitazama saa yake. "Kwa hiyo ukifunga wewe, salama. Akifunga Injinia, salama. Akifunga yeye, inakufa. Ahsante, mama. Asubuhi nilikuwa na zamu yake tu. Sasa nina mkono wake."

Alirudi ofisini. Koroboi alibaki amesimama na kipanya mkononi, uso unamwaka. Alikuwa amekuja kumlegezea mtu kitanzi, na badala yake amekikaza.

Alivuta stuli akaketi karibu na friji ya kwanza, na Taratibu naye akavuta yake.

"Nimekuharibia, kaka."

"Umejaribu, dada. Wengine hawajajaribu."

"Kwenye kikao ulipinga mashine mpya."

"Nilipinga kuihamia wiki ile. Ilikuwa wiki ya kampeni ya kuchangia damu, watu wamejaa mpaka nje. Nilisema tungoje wapungue. Waliposikia napinga, yaliyofuata hayakusikika."

"Nyumbani wanajua?"

Taratibu alikikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Mke wangu hajui. Leo nimevaa koti, kanipa chai, nikatoka kama kawaida. Jioni sijui nitaingia na uso gani. Si pesa, dada. Atauliza nimefanya nini, na mimi jibu sina."

Koroboi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Huruma, Daktari alishasema, haitakiwi.

"Inakufa kila ukiifunga?"

"La. Siku nyingi inalala vizuri tu. Inakufa siku ambazo wachangiaji wamefurika, mifuko imejaa rafu zote. Inachagua siku hizo hizo. Utadhani ina roho mbaya."

Koroboi aliinua kichwa.

"Nionyeshe unavyomaliza zamu. Usinieleze. Nionyeshe."

"Nimekatazwa kompyuta."

"Utaishia hapo hapo kabla ya kuigusa. Injinia! Washa programu, kaa utazame."

Taratibu alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, akaikausha. Akarudi kwenye friji ya kwanza, akafungua mlango wote, baridi ikamwagika miguuni mwao. Alianza rafu ya juu. Aliushika kila mfuko kwa kiganja, akauinamisha kidogo kutazama kama umevuja, akageuza lebo iangalie nje, wa zamani mbele, mpya nyuma. Hakuharakisha hata mmoja. Aliporidhika alifunga mlango kwa nyonga, pole pole, akaenda ya pili.

Koroboi alikuwa ameacha kumtazama. Alikuwa anatazama skrini. Awali namba za joto zilikaa tuli, zikibadilika kwa nadra. Sasa joto la friji ya kwanza lilikuwa limepanda na linashuka, na kipimajoto chake, kilichozoea kusema neno moja baada ya muda mrefu, kilikuwa kinaripoti mfululizo bila kupumua. Friji ya pili nayo ikaanza. Taratibu alipomaliza ya nne, zote zilikuwa zinaongea kwa pamoja. Alipangusa mikono, akapiga hatua hadi mezani, akanyoosha kidole, kikasimama juu ya kipanya bila kukigusa. Akautia mkono mfukoni.

"Hapo," Koroboi alisema. "Hapo hapo."

"Pana nini?"

"Milango, kaka. Kwa nini unafungua? Joto si linaonekana kwenye skrini?"

"Skrini inaniambia joto. Hainiambii kama mfuko umepasuka."

Na siku ambazo mifuko ni mingi milango hukaa wazi muda mrefu, vipimajoto vikachachamaa zaidi. Koroboi hakulisema kwa sauti. Alimgeukia Injinia, kwa sababu aliona kijana ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Sema, mwanangu."

"Mfumo wa zamani," Injinia alianza, akasita, akaanza upya. "Kwenye mfumo wa zamani, programu ikifika mwisho wa kufunga, nyuzi zote husimamishwa kwanza, kila moja ilipo. Ndipo majedwali yanabomolewa. Huu mpya hauzisimamishi. Unaanza kubomoa huku nyuzi za friji bado ziko kazini. Kama hakuna inayoandika dakika hiyo, bahati. Kama iko inayoandika..."

"Ni mwenye duka kung'oa rafu wakati vijana wake bado wamebeba maboksi."

"Aliyeiandika hakuwahi kuwaambia waondoke, kwa sababu mfumo wa zamani ulimfanyia kazi hiyo kimyakimya. Na mimi nikaihamisha kama ilivyo." Safari hii hakulisema kama sifa. "Ofisini kwangu hakuna friji, shangazi. Nilijaribu kila kitu isipokuwa kufungua mlango."

Daktari Mkuu alikuwa ameshatoka ofisini, faili la kamati kwapani. "Mama, wameshakaa."

"Wakae kidogo zaidi. Injinia ameandika majibu ya leo pembeni, hakuna kitakachopotea. Nataka programu uifunge wewe."

"Nimekuona ukiifunga mara tatu."

"Nilifunga tu. Wewe uliwafundisha nini?"

"Kagua, funga, ondoka."

"Basi fanya ulivyofundisha."

Daktari alipumua kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi, akaweka faili mezani. Alifungua friji ya kwanza, akatupa macho, akafunga. Ya pili, ya tatu, ya nne, kama mtu anayetafuta maji ya kunywa. Akaenda kwenye kompyuta, akafunga programu. Skrini ikawa tupu kwa amani.

"Umeridhika?" alimuuliza Koroboi, akachukua faili lake.

Injinia aliinamisha kichwa. Hapo, kutoka nyuma karibu na sinki, ilisikika sauti ya chini, yenye adabu zote.

"Samahani, Daktari. Hujakagua. Umechungulia."

Kasuku alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Daktari aligeuka polepole, akamtazama Taratibu, na wote wakadhani dari itaanguka. Taratibu hakushusha macho, wala hakuyakaza. Alikuwa amesema tu kilicho kweli kuhusu friji.

Daktari alivua saa yake, akaitia mfukoni. Akaenda kwenye sinki akanawa mikono.

Injinia aliiwasha programu upya. Safari hii Daktari alifungua mlango wote na kuanza rafu ya juu. Mifuko ya mwanzo aliishika kama mgeni. Kwenye friji ya pili alikuta mmoja umelala ubavu, lebo chini, akaugeuza. Alipofika ya tatu mikono yake ilikuwa imetulia, inafanya yenyewe. Naye alianzia kazi chumba hiki hiki, kabla hajapewa ofisi ya vioo. Alimaliza ya nne, akafunga mlango bila kuubamiza. Akaenda mezani, akashika kipanya, akafunga programu.

Skrini iliganda. Kisha ukatokea ule mstari mweusi ambao kila mtu humo ndani alikuwa anaujua kwa moyo, kwamba programu imekoma ghafla.

Daktari aliachia kipanya.

"Nimeiua mimi," Daktari alisema hatimaye.

"Umeifunga kama ulivyoagiza," alijibu Koroboi. "Anayeondoka bila kuifunga, inamhifadhia kazi yake. Anayechungulia, mara nyingi inamsamehe. Anayekagua kweli ndiye inayemwangukia. Humu ndani alikuwa mmoja, na ndiye mliyemwandalia kamati."

"Nitaongeza hatua," Injinia alidakia, tayari ameshavuta kibodi. "Kabla ya kubomoa chochote, uzi mkuu uziite nyuzi za friji na usubiri mpaka ya mwisho itoke. Leo leo." Kisha akamgeukia Taratibu. "Mzee, zile waya. Nilisema vibaya."

"Ulisema ulichoona," Taratibu alimjibu.

Koroboi alikuwa amerudi kwenye maiti ya jana. Kulikuwa na kitu alikiona mapema akakipita, na sasa alikitafuta tena, kidole kwenye skrini. "Daktari, sogea hapa. Jedwali la joto ndilo lililobomolewa kwanza. Majibu ya vipimo yalikuwa yanasubiri zamu yake, na programu ikafa kabla ya kuyafikia. Yako yote humu. Namba ya kila mfuko, na majibu yake."

"Ya jana?"

"Ya jana, mpaka mfuko wa mwisho. Na ya siku zile tatu pia yamo." Alisita. "Ila mifuko ya siku hizo ilishamwagwa."

Daktari alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anatoa amri, lakini kwa sauti nyingine. Wachukue mifuko kadhaa ya jana, waipime upya, walinganishe na yaliyomo kwenye faili. Pakiwa na tofauti hata ya mfuko mmoja, yote itupwe. Kasuku alipima, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akifanya kazi bila kusema neno. Koroboi alisoma kutoka kwenye maiti, Kasuku akasoma kutoka mezani kwake. Yalilingana yote.

Daktari alitoka na faili la kamati. Aliyowaambia huko alijua mwenyewe. Hakukaa, na aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji ndogo, akaubandua utepe mwekundu, akaipakia mifuko kwenye kreti kwa mikono yake, akaibeba hadi friji kubwa ya pili. Mlango ulipofunguka alisimama mbele yake.

"Ndugu yangu," alisema bila kugeuka, "nimekukosea. Nilikufundisha kazi, ukaifanya, nikataka kukufukuza kwayo."

Taratibu alitikisa kichwa tu, akakipitisha kile kitambaa cheupe machoni, halafu akakumbuka ni cha kufutia friji akakishusha.

"Niiweke wapi?" Daktari aliuliza.

"Rafu ya pili. Lebo ziangalie nje. Ya zamani mbele."

Daktari aliipanga, mmoja mmoja, na Taratibu akasimama pembeni akimsimamia, akinyoosha kidole pale lebo ilipopinda. Koroboi alikuwa anafunga mkoba wake. Injinia alikuwa ameinamia skrini, ameshaanza kuandika.

Simu ya Taratibu iliita mfukoni. Aliitazama, akageukia ukuta kidogo.

"Ee, mama watoto... La, niko kazini." Alisikiliza. "Nitachelewa kidogo leo. Hapana, hakuna baya lolote. Kuna kijana hapa anarekebisha mashine, na akimaliza, wananisubiri mimi nije niifunge."